Feni ya bafuni ikizimwa, taa za sebuleni zinajiwasha

"Mtaalamu, niliondoa swichi za kawaida za sebuleni na koridoni nikaweka swichi janja. Ndani ya kisanduku cha ukutani nilikuta nyaya mbili tu pamoja na ule wa athi, kwa hiyo nilinunua aina isiyohitaji nyutro. Tangu hapo mambo matatu yananisumbua. Taa za LED za koridoni zikizimwa hubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Feni ya bafuni ikizimwa, mara nyingi taa za sebuleni hujiwasha zenyewe, hata saa nane za usiku. Na swichi ya koridoni hupotea kwenye simu kisha hurudi yenyewe. Nimebadilisha ruta, nimebadilisha swichi moja, nimenunua hata kebo ya soketi yenye kinga ya umeme kuzidi. Hakuna nafuu. Rafiki yangu anasema nichukue waya wa athi niutumie kama nyutro. Nifanyeje?"

Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ni la hatari. Usiufanye waya wa athi kuwa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, hata kwa majaribio ya dakika moja. Kwa kawaida waya huo haupitishi umeme. Unakaa tayari kwa siku ambayo waya wa moto utagusa bati la friji au mwili wa pasi, ili uupeleke umeme huo ardhini haraka na breka ikate. Ukiufunga kwenye swichi, unaubebesha mkondo saa zote. Siku utakapolegea au kukatika mahali, kila kitu cha chuma kilichoungwa upande wako wa waya huo kinaweza kupata umeme kupitia swichi yako, na breka haitajua. Kama nyumba ina kinga inayokata umeme unapovuja, inaweza pia kuanza kukata ovyo, nawe utahangaika kutafuta hitilafu uliyoitengeneza mwenyewe. Rafiki yako amekuona unataabika akataka kukusaidia, lakini ushauri huu uuache.

Sasa tuje kwenye dalili zako tatu. Watu wengi huzikusanya zote chini ya jina moja, "kelele za umeme", yaani miruko na mawimbi ya umeme yasiyotakiwa, kisha wakatafuta dawa moja. Mwanga hafifu wa koridoni si kelele. Taa za sebuleni kujiwasha feni inapozimwa, hiyo ni kelele hasa. Swichi kupotea kwenye simu kunaweza kutokana na lolote kati ya hayo mawili, au kukawa na sababu yake. Hata hivyo zote tatu zinapenyea kwenye udhaifu mmoja, nao ni namna swichi zako zinavyopata umeme wa kujiendesha.

Swichi ya kawaida haitumii umeme wowote. Ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana au kuachana. Swichi janja ina kichakataji na redio ndani yake, na vitu hivyo vinahitaji umeme usiku na mchana, hata taa zikiwa zimezimwa. Palipo na nyutro hakuna tabu: umeme unaingia kwa waya wa moto, unatoka kwa nyutro, na taa haihusiki. Pasipo na nyutro, umeme hauna pa kutokea ila kupitia taa yenyewe. Maana yake ni kwamba swichi yako, hata ikionyesha imezima, inapitisha mkondo mdogo kwenye taa wakati wote. Balbu za zamani zenye uzi ndani hazikujali, kwa sababu mkondo huo hautoshi hata kuupasha uzi joto. LED inajali. Ndani yake kuna kapasita, kijisehemu cha kuhifadhi umeme, inayojaa taratibu kwa mkondo huo mdogo, na ikishajaa vya kutosha taa hutoa mwanga hafifu, au hupepesa mara moja kisha kuanza upya. Ndiyo hiyo unayoiona koridoni.

Umeme huo mdogo una njia nyingine pia, na hii huwapata hata wenye swichi za kawaida. Waya wa moto na waya unaorudi kwenye taa vikilala pamoja ndani ya bomba moja kwa mita nyingi, vyenyewe huwa kama kapasita. Kwa makadirio, kila mita ya nyaya zilizolala hivyo hutoa pikofaradi 100 hivi. Mita 10, kwenye umeme wa volti 230 na hezi 50, hupitisha takribani mikroampea 70. Ni kiasi kidogo mno, lakini LED isiyo na ulinzi dhidi ya mkondo wa namna hii itaonekana gizani. Mwanga huo peke yake hauna hatari. Ninaujali kwa sababu unaonyesha kwamba taa zako na swichi yako zinagombania umeme kidogo, na swichi inayopata umeme wa kubahatisha huyumba kwa jambo dogo.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio moja. Tafuta balbu ya uzi, ya wati 25 au 40, uifunge badala ya LED moja tu ya koridoni. Nyingine ziache kama zilivyo. Uzi wa balbu hiyo utaupa mkondo mdogo njia rahisi ya kupita. Ikiwa LED zilizobaki zitazimika kabisa, na swichi ikatulia kwenye simu kwa siku mbili tatu, tatizo la koridoni umeshalipata: swichi haipati umeme wa kutosha kupitia LED zako. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kupitishia mkondo, ambacho ndani yake huwa kapasita, na hufungwa sambamba na taa, kule kule kwenye taa, si kwenye swichi. Watengenezaji wengi wa swichi zisizo na nyutro hukiweka ndani ya boksi pamoja na swichi. Kaangalie boksi lako kabla hujaenda dukani, kwa sababu wengi hukiona hakina maana wakakitupa kwenye droo.

Kuhusu taa za sebuleni, nitaeleza kwa urefu kidogo, maana ukiuelewa mwendo wake utaweza kuzitatua hitilafu nyingi za namna hii bila kumwita mtu.

Mota ya feni ni koili ya waya iliyozungushwa kwenye chuma. Umeme ukipita, koili hujaza nguvu ya sumaku. Ukikata umeme ghafla, nguvu ile haiwezi kutoweka papo hapo; inalazimika kutoka. Umewahi kufunga bomba la maji kwa ghafla ukasikia mabomba yakigonga ukutani? Maji yaliyokuwa mbioni yamezuiwa, na msukumo wake umegeuka kishindo. Koili hufanya vivyo hivyo kwa umeme. Volti hupanda kwa muda mfupi kupita kiasi, ikafika mamia, na wakati mwingine ikapita 1,000, na cheche huruka ndani ya swichi ya feni pale vyuma vinapoachana. Ukiizima feni gizani pengine umeshaiona cheche hiyo.

Kishindo hicho huifikia swichi ya sebuleni kwa njia tatu. Ya kwanza ni nyaya zenyewe, ikiwa feni na taa zimetoka kwenye breka moja. Ya pili ni ujirani: nyaya za feni zikilala karibu na nyaya za taa ndani ya bomba moja, mruko wa volti kwenye hizi huzusha mruko mwingine kwenye zile ingawa hazigusani. Ya tatu ni hewani, kwa kuwa cheche hutoa mawimbi ya redio. Katika nyumba nyingi njia mbili za mwanzo ndizo zenye makosa.

Mruko huo ukifika kwenye swichi isiyo na nyutro, ambayo tayari inaishi kwa umeme wa kuokoteza, kichakataji hupoteza mwelekeo na kuanza upya. Hapo ndipo mambo hunoga. Swichi janja nyingi zina mpangilio unaosema: umeme ukikatika na kurudi, niwe katika hali gani? Kuna tatu za kuchagua, kuwaka, kuzima, au kubaki nilivyokuwa. Ikiwa yako imewekwa kuwaka, kila kichakataji kinapoanza upya taa zitawaka, nawe utaona kama zimejiwasha zenyewe. Fungua programu ya swichi kwenye simu, ingia kwenye mipangilio ya kifaa, tafuta sehemu ya hali baada ya umeme kurudi, uchague kuzima au hali ya mwisho. Haitaondoa kelele, lakini inaweza kukurudishia usingizi leo hii, na haikugharimu kitu.

Kama ulichofunga si swichi nzima bali moduli iliyofichwa nyuma ya swichi ya zamani, kuna mlango mwingine. Moduli hizo zina sehemu ya kupokea waya mwembamba kutoka kwenye kitufe cha ukutani, na sehemu hiyo ni nyepesi sana kuhisi. Waya huo ukiwa mrefu na ukalala kando ya waya wa feni, mruko wa volti huonekana kama mtu amebonyeza kitufe. Hapo suluhisho ni kuufupisha waya wa kitufe au kuupitisha mbali na nyaya za feni.

Utajuaje kwamba ni feni kweli? Anza na historia ya matukio kwenye programu. Karibu kila programu ya swichi janja huandika taa iliwaka lini, na nyingi husema amri ilitoka wapi: simu, ratiba au kitufe. Nimeona watu wakivunja kuta kutafuta kelele ambayo kumbe ilikuwa ratiba iliyosahaulika, au simu ya mtoto. Ukishaliondoa hilo, fanya jaribio mchana: washa na kuzima feni mara 20 ukiwa umeacha muda kidogo katikati, mwingine akiziangalia taa. Halafu, ikiwa taa ziko kwenye breka nyingine, rudia ukiwa umezima breka ya feni, ukibonyeza swichi ile ile. Zikijiwasha mara kadhaa kwenye duru ya kwanza na zisijiwashe hata mara moja kwenye ya pili, huna tena haja ya kubahatisha.

Kwa kelele zisizo na wakati maalumu, zile zinazovuma mfululizo, chombo kizuri ni redio ndogo ya betri yenye bendi ya AM. Itafutie mahali pasipo na stesheni, kisha tembea nayo ndani ya nyumba. Ukiisogeza karibu na chaja mbovu, kipunguza mwanga au LED iliyotengenezwa bila kichujio, itavuma. Chomoa kifaa, mvumo ukikoma, umemkamata. Chaja na taa za bei ya chini ndizo ninazozikuta mara kwa mara kuliko vyote.

Kelele hutibiwa pale inapozaliwa. Ndiyo sababu kubadilisha swichi ya taa hakukukusaidia: uliileta swichi nyingine ipigwe na mruko ule ule. Kwa feni yako, dawa ni kifaa ambacho mafundi hukiita snaba. Ni rezista na kapasita zilizofungwa kwa mfululizo, mara nyingi omu 100 na mikrofaradi 0.1, na huuzwa zikiwa tayari zimefungwa pamoja. Hufungwa sambamba na mota, karibu nayo kadiri inavyowezekana. Feni inapozimwa, nguvu ya koili huingia kwenye kapasita na kuishia kwenye rezista kama joto kidogo, badala ya kurukia nyaya za nyumba. Kapasita hiyo lazima iwe ya daraja la X2, iliyotengenezwa kukaa kwenye umeme wa nyumbani maisha yake yote. Kwa volti 230 utakuta imeandikwa 275 kwa umeme geu. Usikubali kapasita yoyote tu ilimradi namba ya mikrofaradi inalingana. Isiyo ya daraja hilo inaweza kupasuka au kushika moto.

Mafundi wengine huifunga snaba kwenye vituo vya swichi badala ya kwenye mota. Cheche hupungua kweli, lakini kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye volti 230 na hezi 50 hupitisha zaidi kidogo ya miliampea 7 hata swichi ikiwa imezimwa. Kwa feni hutaona kitu. Lakini ikiwa swichi hiyo inaendesha na taa ya LED ya bafuni, umejiletea mwanga hafifu mwingine. Kwa hiyo mwambie fundi: kwenye mota. Na ukiwa hapo, iangalie swichi ya feni yenyewe. Kama ni ya miaka mingi na vyuma vyake vimeungua, cheche huwa kubwa zaidi, na kuibadilisha ni kazi ndogo.

Kuhusu kebo uliyonunua, haikuwa na namna ya kukusaidia. Kinga iliyo ndani yake hulinda vilivyochomekwa kwayo dhidi ya volti inayozidi sana, na swichi yako ya ukutani haipiti humo. Hata ingepita, kinga ya aina hiyo huamka volti ikishavuka kiwango fulani. Mruko ulio chini ya hapo huupita, na unatosha kabisa kuchanganya kichakataji. Vile vipete vya feraiti vinavyobanwa kwenye nyaya navyo vina kazi yake, ambayo ni kelele za masafa ya juu kutoka kwenye chaja na kompyuta. Kwa kishindo cha mota havifui dafu.

Swichi ya koridoni kupotea kwenye simu, nadhani, itapona pamoja na mwanga hafifu, kwa kuwa redio ndiyo inayotumia umeme mwingi kuliko sehemu nyingine za swichi, na umeme ukipungua ndiyo ya kwanza kuzimia. Ikiwa baada ya kufunga kile kifaa cha kupitishia mkondo bado inapotea, ndipo uiangalie hewa. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 na Zigbee, redio nyingine inayotumiwa na swichi janja, hutumia eneo moja la masafa, na oveni ya maikrowevu huvujisha mawimbi kwenye eneo hilo hilo. Chagua chaneli ya Wi-Fi iliyotulia kati ya 1, 6 na 11. Kama swichi ni za Zigbee na kipokezi kimechomekwa nyuma ya kompyuta, kiondoe kwenye tundu la USB 3 na ukisogeze mbali kwa waya wa nyongeza, kwa sababu matundu hayo hutoa kelele kwenye gigahezi 2.4. Swichi za Z-Wave, aina nyingine tena ya redio, ziko chini zaidi, megahezi 868 Ulaya na 908 Marekani, kwa hiyo Wi-Fi haizigusi. Kisanduku cha chuma ukutani nacho huziba mawimbi ya aina zote. Ruta mpya haiondoi lolote kati ya haya, na ndiyo maana fedha zako hazikuonekana zilikokwenda.

Nigusie kwa ufupi wasomaji wenye mifumo ya zamani kama X10, iliyoanza miaka ya 1970 na kutuma amri kwa masafa ya kilohezi 120 kupitia nyaya za umeme zenyewe. Kwao mambo ni kinyume kidogo: kebo yenye kichujio na chaja za kisasa huweza kuimeza amri kabla haijafika. Huko kichujio hufungwa kati ya kifaa chenye kelele na nyaya, si kila mahali.

Sasa upange vipi? Mimi ningeanza na mipangilio ya programu leo, jaribio la balbu ya uzi kesho, kifaa cha kupitishia mkondo koridoni wiki hii, halafu snaba kwenye feni. Kwa matatizo uliyoeleza, nategemea hapo utakuwa umefika. Lakini nikuambie ukweli: swichi isiyo na nyutro hubaki na udhaifu wake, na kila utakapobadilisha taa kwa zenye wati chache zaidi unaweza kurudi ulikotoka. Kuvuta nyutro hadi kwenye kisanduku ndiyo suluhisho la kudumu. Nyaya zikiwa ndani ya mabomba ni kazi ya saa chache. Zikiwa zimezikwa kwenye plasta ni kuchimbua ukuta, na hapo sikusukumi. Kuna njia ya kati ambayo naipenda: moduli ifungwe juu, kwenye taa, ambako nyutro ipo tayari. Nyaya mbili za ukutani zinaunganishwa ili moto ufike juu moja kwa moja, na ukutani pakawekwa kitufe cha betri kinachoongea na moduli kwa redio. Angalizo ni joto. Moduli isibanwe ndani ya kava lililozibwa pamoja na taa inayochemka.

Mipangilio, historia, redio ya AM na balbu ni kazi unazoweza kuzifanya mwenyewe. Kufungua kisanduku, kufunga snaba na kuvuta nyutro mwachie fundi umeme aliyesajiliwa, labda uwe umefunzwa kazi hiyo, uzime breka, na upime kwa testa uliyoihakiki kwenye waya wenye umeme kwanza. Zipo pia dalili ambazo zikitokea hutakiwi kuendelea na majaribio yoyote niliyoyataja. Swichi ikiwa ya moto mkononi, ikinuka plastiki inayoungua, ikitoa mlio wa kukwaruza, au ukipata mtekenyo unapogusa kitu cha chuma, zima breka na umwite fundi siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiona baadhi ya taa zinang'aa kupita kiasi wakati nyingine zinafifia, hasa kitu kikubwa kinapowashwa. Hiyo ni dalili ya nyutro kuu iliyolegea, nayo huunguza vifaa na nyumba. Zima meni swichi, usisubiri kesho, na pamoja na fundi lijulishe shirika linalokuletea umeme, kwa sababu kilicholegea huenda kiko upande wao wa mita.